Kofia ya Mama wa Babu

Al Bustan, Maskati
Alkhamisi, 4 Septemba 2025

Kwa Abigail, mshonaji wa Mawaleh,

Ama baada ya salamu, mie hunijui, nami sikujui ila kwa gauni la Nakimuli. Huyu binti wa Kiganda anayekaa nami hapa nyumbani alirudi kutoka kanisani Ijumaa iliyopita kavaa gauni ulilomshonea, nikamwambia alivue nilitazame kwa ndani. Kwa nje kila fundi anaweza kupendezesha. Ndani nikaona mishono imelala kimya na hakuna uzi unaoning'inia, nikasema huyu ndiye ninayemtafuta.

Ndani ya kopo hili la biskuti mna kofia. Ni kofia ya kike, ya hariri, ya Kizungu, na imekaa kwetu tangu tulipokuwa Unguja, kabla baba yangu hajazaliwa. Nyumbani wanasema ilikuwa ya mama wa babu yetu, na wanasema alikuwa Mmarekani. Mdogo wangu Hatem anaandaa mkutano wa ukoo mwezi wa Novemba. Ataitundika shajara, yaani mti wa ukoo wetu na majina yote, na pembeni yake ataiweka hii kofia ndani ya kabati la kioo. Nnataka unishonee pacha wake asiyetofautishika. Hatem atachukua pacha, na hii itabaki kwangu. Kwa nini, usiniulize.

Nna sharti moja. Usifumue hata mshono mmoja. Ipime, igeuze, ichungulie utakavyo, lakini mkasi ukae mbali nayo.

Nnaandika barua kwa sababu masikio yangu yameniacha, simu siisikii tena, na ujumbe wa simu wajukuu huusoma kabla yangu. Wewe na Nakimuli mnasali pamoja kila Ijumaa kule Ghala. Jawabu mpe yeye, na mwambie asikae juu ya kopo.

Muhsina bint Khalfan


Mawaleh
Jumanne, 16 Septemba 2025

Kwa Mama Muhsina,

Natumai u mzima. Kofia ilifika salama. Nakimuli aliipakata ibada nzima na hakunikabidhi mpaka tulipotoka nje, ati aliapa kwako.

Kusema kweli, nilipofungua kopo sikujua ni kitu cha kichwa. Nilidhani ni kifuniko cha kitanda cha mtoto mchanga. Nakimuli yeye alisema ni ya punda, ya kumzuia asitazame pembeni. Nikamwambia punda gani huyo wa kuvalishwa hariri, akasema wa tajiri.

Hapa dukani nashona abaya kutoka asubuhi hadi jioni, nyeusi juu ya nyeusi, kwa hivyo macho yangu yameisherehekea kofia hii. Ukiishika hivi ni zambarau, ukiigeuza kidogo inakuwa kahawia, maana nyuzi za kwenda ni za rangi moja na za kurudi ni za nyingine. Ukingo wa mbele ni mrefu na umenyooka, unaupita uso kabisa, kwa hivyo aliyeivaa aliona mbele tu, na wewe uliye ubavuni humwoni pua. Mahali ukingo unapokutana na kisogo pana utepe mwembamba wa hariri unaoficha maungio. Kisogo chenyewe ni marinda madogo madogo, yote yanakimbilia shingoni. Chini yake pana kipazia cha kuzuia jua lisichome shingo, halafu kamba mbili za kufunga kidevuni. Hakuna mshono hata mmoja wa cherehani.

Kinachonisumbua ni kilichomo ndani. Ukiubonyeza ukingo unainama, ukiuachilia unarudi. Mimi nimejaribu kwa ile gamu ngumu tunayoweka kwenye kola, ikasimama kama sahani. Kadibodi nayo si yenyewe, ingekuwa imeshavunjika kwa miaka yote hii. Karibu na sikio la kushoto bitana imechoka. Naomba ruhusa nifumue hapo tu, upana wa kidole. Nisipojua kilichomo, pacha wako atafanana usoni peke yake.

Abigail Mmbone


Al Bustan
Alkhamisi, 25 Septemba 2025

Kwa Abigail,

Marhaba, ingawa hukuniamkia. Mama Muhsina ni mama yangu mzazi, naye keshafariki, Mungu amrehemu. Ukimwandikia yeye, jawabu utalisubiri sana. Mie niite Bi Muhsina. Nnajua kwenu ndiyo heshima, basi sikukasirika, nnakutania tu.

Ruhusa sitoi. Hata upana wa unywele.

Hiyo ya punda nimecheka mpaka nikakohoa, na Nakimuli akakimbia jikoni akidhani nimeudhika. Mwache acheke, nyumba hii ina watu wengi na kicheko kidogo.

Kwa kuwa umeitazama vizuri, nitakupa hadithi tuliyolelewa nayo. Baba wa babu yetu alikuwa akiuziana na Wamarekani pale Unguja. Yeye akitoa pembe za ndovu na utomvu wa sandarusi, wao wakileta kile kitambaa ambacho mpaka leo sisi wazee tunakiita merikani. Mmoja katika wale wafanyabiashara alikuwa na mke. Mume akafa kwa homa, mke akasilimu, akaolewa na baba wa babu, akamzaa babu yetu Nassor. Kofia ndiyo kumbukumbu yake. Hatem akiisimulia huongeza macho ya buluu. Babu Nassor nimemuona mie mwenyewe, nikikaa mapajani mwake, na macho yake yalikuwa kama haya yangu.

Jaribu tena bila kufumua.

Muhsina bint Khalfan


Mawaleh
Jumatano, 1 Oktoba 2025

Shikamoo Bi Muhsina,

Leo nimekuamkia mwanzo kabisa ili usinicheke.

Nimemjua mwenye kofia. Nimeipiga picha nikaitafuta kwenye simu, zikatoka nyingine za aina yake kutoka makumbusho ya Amerika, ukingo uleule, kipazia kilekile. Walizivaa wanawake wa dhehebu moja la Kikristo lililoitwa Sheka, maana yake watu wa kutetemeka. Roho akiwashukia katika ibada walitikisika, wakacheza, wakapiga makofi. Waliishi pamoja katika vijiji vyao, wakala meza moja, na wanawake wakavaa kofia za namna moja ili pasiwe na mmoja wa kujiona.

Bi Muhsina, nilicheka peke yangu dukani mpaka wenzangu wakanigeukia. Nyanya yangu kule Vihiga, Kenya, ni wa kanisa la Roho. Wanavaa kanzu nyeupe na vilemba vyeupe, na Roho akishuka wanatetemeka mpaka vumbi linapanda. Nikiwa mdogo niliona aibu, wenzangu wa shule walikuwa wakituiga. Sasa nakuta Wazungu waliofanya hivyohivyo, na kofia yao iko mezani kwangu, Maskati.

Nimesoma pia namna walivyozivaa. Nywele zilichanwa zikalazwa kabisa, zikafunikwa na kikofia chepesi cheupe, ndipo hii ikaja juu. Ndiyo maana visogo vyao kwenye picha ni vidogo. Hiki chako ni kikubwa zaidi, sijui kwa nini.

Lakini kuna jambo lingine. Watu hao hawakuoa wala kuolewa. Wanaume walilala upande wao, wanawake upande wao, na watoto waliokuwa nao waliwalea tu. Sasa mwanamke wa dhehebu hilo alimpataje babu yenu? Naona hadithi yenu imechanganya watu. Huyu hawezi kuwa mama wa babu.

Abigail


Mawaleh
Jumamosi, 18 Oktoba 2025

Shikamoo Bi Muhsina,

Ijumaa ya tarehe tatu nilimpa Nakimuli barua yangu. Ijumaa iliyofuata alikuja mikono mitupu, akasema umeagiza kopo lirudishwe. Nililirudisha. Jana pia hakuwa na barua. Nilipomuuliza alisema unakaa chumbani umefunga mlango, na chakula kinarudi.

Niliandika kwa furaha ya mtu aliyepata kitu, sikufikiri ni mama wa nani ninayemtoa katika ukoo wa nani. Ulinieleza hadithi ya nyumbani kwenu nami nikaijibu kama mtihani. Naomba radhi. Na inawezekana nimekosea, labda alitoka katika dhehebu lile, akaolewa na mfanyabiashara, akaja Unguja na kofia yake ya zamani. Watu hutoka.

Ukingo wa pacha nimeushona bila kujua kilichomo. Sijaridhika nao, lakini ukiutaka hivyo nitaumaliza.

Abigail


Al Bustan
Alkhamisi, 23 Oktoba 2025

Mwanangu Abigail,

Hukunikosea. Ulichokiandika nnakijua tangu utotoni, ila sijapata kukisikia kwa mtu mwengine, na ndicho kilichonilaza.

Bibi yangu, mke wa babu Nassor, ndiye aliyenifunza kushona kofia za kiume za Unguja. Siku moja tukishona pamoja akaniambia, "Mama mkwe wangu nilimkuta hai. Aliitwa Zafarani. Aliletwa kutoka bara angali mtoto, hata kwao hakukumbuka tena. Alikuwa suria wa baba wa babu yako, mtumwa aliyezaa na bwana wake, na mkono wake wa sindano haukuwa na mfano. Ile kofia yake." Nikamwambia, si ya Mmarekani? Akasema, "Mwanzo ya Mmarekani. Mwisho yake. Wewe usiseme." Nikawa sisemi.

Mwaka jana nilisema. Nilimwambia Hatem mbele ya chai, sisi wawili tu. Akanijibu bibi alikuwa keshazeeka, akili zilimtoka, na hata ikiwa ni kweli, "Dada, mtu huyo nitamwandika vipi?" Hatem si mtu mbaya. Anaupenda ukoo wake na anataka upendeze. Lakini siku ile akitundika shajara, watoto wataipiga picha, itaenda Unguja, itaenda Dubai, itaenda London, na hakuna atakayemtafuta Zafarani tena. Aliyebaki katika waliolisikia jina lake kwa mtu aliyemjua ni mie peke yangu, na mie nna umri huu.

Pacha niliitaka ili uongo usimame juu ya kitu cha uongo. Sikutaka kofia yake mwenyewe itumike kumfuta.

Sasa sikiliza. Nilipolipata kopo nilifunga mlango, nikavaa miwani, nikachukua wembe nikafumua mwenyewe palepale ulipotaka, karibu na sikio la kushoto. Ndani mna ukindu, Abigail. Ukindu huu huu wa mikeka, umekuwa mwekundu kwa uzee lakini haujavunjika. Nimeusuka utoto wangu wote, nnaujua hata gizani. Mzungu wa Amerika ataujulia wapi ukindu? Ni Zafarani. Kaishona yeye tangu mwanzo hadi mwisho. Nimelia na kucheka, na leo nimekula.

Nitaitoa mbele yao wote nao waushike.

Mama yako,
Muhsina


Mawaleh
Jumatano, 29 Oktoba 2025

Shikamoo Bi Muhsina,

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Ninaandika hii kwa moyo mzito. Nakimuli aliniambia ninyamaze, mama amefurahi na amerudi kula, unataka nini tena. Lakini wewe utasimama mbele ya watu, na akitokea mjukuu mmoja mwenye simu akatafuta kama nilivyotafuta mimi, watakucheka, na wakikucheka wewe wamemcheka Zafarani.

Wale wanawake wa Sheka walitumia majani ya mnazi wa porini, jamii hiyohiyo ya mkindu. Kwao hayaoti, waliyanunua kutoka Kuba. Waliyapasua membamba, wakayaloweka, wakayafuma, ndiyo yakawa mifupa ya kofia zao. Kwa hivyo ukindu peke yake hautoshi. Pole sana. Ningependa mtu mwingine ndiye akuambie.

Ila kuna tofauti moja, na hii ndiyo ninayokuomba utazame. Wao hawakusuka kwa vidole. Waliyafuma kwa mtambo kama kitambaa. Nyuzi za pamba zinakwenda urefu, majani yanapita katikati yake, kila kitu kimenyooka. Ukili wenu, ule msuko wa mikeka, nimeuona hapa kwa wauza vikapu, unakwenda mshazari na hauna uzi ndani yake. Fumua zaidi kidogo, umulike. Umenyooka au umelala mshazari?

Jibu lolote utakaloona, nitakuwa upande wako.

Abigail


Al Bustan
Jumamosi, 1 Novemba 2025

Abigail,

Umenyooka. Na uzi wa pamba umo. Nimefumua ukingo wote wa mbele kutoka sikio hadi sikio, na umenyooka kote. Ni kazi ya Kimarekani.

Nilikaa na kofia mapajani. Nakimuli kaniletea chai, ikapoa, kaleta nyengine. Nilikuwa nishamuona Zafarani na vidole vyake, kisha akaondoka. Hatem alipita alasiri kuniuliza kofia iko tayari kwa kabati. Nikamwambia kesho.

Sikulaumu. Afadhali umeniambia wewe.

*

Jumapili, 2 Novemba

Barua ya jana sikuifunga, na sasa sitaki kungoja Ijumaa. Nakimuli ataileta leo hii kwa teksi.

Asubuhi nnachana nywele zangu. Unajua nywele zetu katika nyumba hii, Hatem hunyoa na mie hufunika. Ni nyingi na nzito mpaka leo, nikizisuka mikia miwili na kuifunga nyuma, mtandio unapanda juu. Nikakumbuka barua yako ya mwezi uliopita, ile iliyonilaza. Uliandika kisogo chetu ni kikubwa kuliko vya kwenye picha, hujui kwa nini. Nikatupa kitana.

Nimefumua ule utepe unaoficha maungio. Chini yake kazi ya mtambo inakatika, imekatwa kwa mkasi. Kutoka hapo mpaka shingoni ni ukili, Abigail, umelala mshazari, vipande vyembamba vimeungwa ubavu kwa ubavu kama tunavyounga mkeka. Hauna uzi wa pamba ndani yake. Nikafungua marinda moja moja. Hariri ya zambarau haikumtosha, basi kaongeza vipande vya hariri nyengine, ile ya Maskati waliyofunga waume vilemba, yenye mstari mwekundu. Mstari kaukunja ukaingia ndani ya rinda, kila rinda, kwa hivyo kwa nje huuoni. Weye uliipima kofia hii kwa majuma na hukuuona, na mie nimeishi nayo umri mzima.

Mtu alikata kisogo cha kofia hii akasuka kikubwa zaidi. Mwenye nywele za kulazwa hakuwa na haja nacho. Na mtu haongezi kisogo cha kofia ya mwenzake akakaa nayo, huongeza cha kwake. Bibi alisema kweli. Mwanzo ya Mmarekani, mwisho yake.

Sasa nna maswali kuliko wewe. Yule Mmarekani alimpa, au alimwachia atengeneze akafa kabla ya kuirudia? Zafarani aliivaa wapi, na nani alimuona? Au aliivaa ndani tu, mlango umefungwa, ili ajione? Nnatamani kujua walikaa pamoja hao wawili, mmoja anashika uzi mmoja anashika kitambaa, na walizungumza kwa lugha gani. Mmoja alikimbia nyumba isiyozaa watoto, mwengine mtoto wake hakupewa jina lake. Hayo hayamo ndani ya kofia, nimetazama.

Nnakuletea ndani ya bahasha ukili kidogo wa mkeka wangu wa kuswalia wa zamani. Kama pacha hujaimaliza, kisogo ukishone kama alivyokishona yeye.

Muhsina


Mawaleh
Alkhamisi, 6 Novemba 2025

Shikamoo Bi Muhsina,

Pacha amekuja na barua hii. Ukingo nimeushona upya. Mtambo wa kufumia sina, kwa hivyo nimepitisha vipande vya ukindu katika nyuzi za pamba kwa sindano, kimoja kimoja, na vidole vimenitoka malengelenge. Sasa ukiubonyeza unarudi. Kisogo ni ukili wako. Hariri yenye mstari mwekundu nimeitafuta Matrah kwa wauza vilemba, na nimeukunja mstari ndani ya marinda kama alivyofanya. Nilipokuwa naukunja nilitaka kuuacha mmoja uonekane, nikajizuia. Nikajiuliza kama naye alijizuia, au alifurahi kuwa na kitu anachokijua yeye peke yake.

Lazima nikwambie nililofanya. Niliivaa. Nimesuka nywele wiki hii, rasta nene, na nilitaka kuona kama itaingia. Imeingia, imekaa, kisogo kimezimeza zote. Nilitembea dukani mbele ya wenzangu nikiwa sioni pembeni. Nilimtumia Nakimuli picha, akasema nikae mbali na punda. Wewe hujaniambia kama umewahi kuivaa ya kwenu. Umewahi?

Sasa una kofia mbili, na ya zamani iko wazi, mishono imefumuliwa. Nipe siku moja nitaifunga na hakuna atakayejua. Au utaipeleka hivyo? Na Hatem utampa ipi? Naogopa kwa ajili yako, sitakuficha. Mimi nitakuwa nimekaa hapa nashona abaya na akili yangu iko Al Bustan.

Nyanya yangu nimempigia simu nikamweleza habari za Zafarani. Ameniambia Jumapili atamtaja katika maombi, kwa jina. Nilisema ni Mwislamu, akasema jina si ni jina.

Abigail


Al Bustan
Alkhamisi, 20 Novemba 2025

Mwanangu Abigail,

Samahani kwa kimya. Mkutano ulikuwa Ijumaa, Nakimuli hakuweza kutoka, na tangu siku ile nyumba haijatulia.

Uliniuliza kama nimewahi kuivaa. Sijapata. Miaka yote niliifungua, nikaipigia dua, nikaifunga. Ijumaa niliivaa. Hatem alikuwa keshaanza kusoma shajara, kafika kwa babu Nassor, kasema mama yake Mmarekani, na wajukuu wameshika simu zao juu. Nikavua mtandio upande wa wanawake, nikaivaa ile ya zamani, wazi hivyohivyo, nyuzi zinaning'inia, juu ya mikia yangu miwili. Ilikaa, Abigail. Ilinikaa kama niliyepimwa.

Nikaivua nikampa Ruqaya, binti wa ammi yangu, ambaye hatuzungumzi tangu tulipogombania nyumba ya Mtoni, Unguja. Ni mkubwa kwangu, na haoni tena. Katia vidole ndani, kapapasa mbele, kafika kisogoni akasimama. Akasema kwa sauti, "Nani kasuka ukili huu?" Nikamwambia Zafarani, mama wa babu Nassor, suria. Ruqaya kasema, "Basi na wewe ulikuwa unalijua hilo jina." Naye bibi alimwambia. Alimwambia asiseme. Umri wote huu tumekaa kama watu wa vyumba viwili vya jirani, kila mmoja na siri ileile, na kwa hasira zetu hatukuulizana. Mie nilidhani nimebaki peke yangu. Nililia mbele za watu, naye kalia, na ndiyo tumepatana.

Waliokasirika walikasirika. Watoto wa kaka yetu mkubwa waliondoka kabla ya chakula. Hatem alitoka uani akakaa huko muda. Aliporudi kachukua kalamu, kafuta Mmarekani, kaandika Zafarani bint, halafu mkono ukasimama. Kaniuliza binti wa nani. Nikamwambia hatujui. Kamuuliza Ruqaya, naye hajui. Majina yote ya mti ule yana baba zao, na yeye hana. Hatem akaacha nafasi tupu, hakuziba. Nilidhani itaniuma, na imeniuma.

Asifunge mtu hiyo kofia. Nimempa Hatem ile ya zamani, wazi ilivyo, na ile pacha nimebaki nayo mie. Nnaivaa asubuhi nikimwagilia miti ya kungu, jua la Maskati halinipati, na Nakimuli kila akiniona hugeuza uso ukutani acheke. Ijumaa ijayo njoo naye baada ya ibada, ule kwetu.

Utaiona ukiingia. Hatem kaiweka ndani ya kioo kwa nyuma, kisogo kinatazama watu na uso unatazama ukuta. Jana jirani alimuuliza kwa nini kaigeuza. Nilikuwa nimekaa karibu, na hilo nimelisikia kwa masikio yangu haya mabovu. Hatem akamwambia, "Mama wa babu yetu kashona huku nyuma."

Muhsina,
kitukuu cha Zafarani